Mjukuu Mwenye Sufu

Kazini walimwita Bi Nasaba, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na alifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya wanyama, jengo la chini lenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na mabati yanayokufanya usisikie simu mvua ikinyesha. Kazi yake ilikuwa kuvitafutia virusi ndugu zao. Ukimletea kirusi kilichotoka puani mwa mbuzi, atakisoma vinasaba vyake, atavilinganisha na vya virusi vingine alivyowahi kuvisoma, kisha atakwambia bila kupepesa macho kwamba ndugu wa karibu wa kirusi hiki alionekana kwa swala fulani mwaka juzi, kwa hiyo muacheni mbwa wa watu, hana kosa.

Watu hudhani kazi hiyo ina miujiza. Haina. Kirusi kinapozaliana hunakili maandishi yake, na kama mwanafunzi anayenakili ubaoni huku kengele imeshalia, hukosea herufi hapa na pale. Makosa hayo huwarithisha watoto, na watoto wajukuu. Virusi viwili vyenye makosa yale yale ni vya ukoo mmoja, hata kama kimoja umekikuta kwa kondoo na kingine kwa ng'ombe. Ukivikuta hivyo, ujue kuna mahali kimoja kilivuka. Bi Nasaba alikuwa akichora yote hayo kwenye kompyuta kama mti, matawi na vitawi, na akimaliza hujiegemeza kitini na kuutazama mti wake kama shangazi anayekagua wageni harusini, nani mtoto wa nani na nani kaja bila kualikwa.

Nyumbani aliishi na mume wake na mama mkwe. Mume alikuwa daktari wa mifugo, na mtaa mzima ulimwita Daktari tu, mtu mrefu, mpole, mwenye buti za mpira zisizokauka. Mama mkwe alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ujana wake mpaka magoti yalipogoma. Sauti yake ilikuwa bado ya kuita watoto mia tatu waje kula, na sasa aliitumia katika nyumba ya watu watatu, kwa hiyo kila aliposema chumvi iko wapi, majirani nao waliangalia zao.

Miaka ya kwanza ya ndoa mama mkwe aliuliza habari za mtoto. Hakuuliza waziwazi, aliuliza kwa kuzunguka, mbona leo umechelewa kuamka mwanangu, mbona ndimu zinaisha upesi hapa ndani. Halafu ikaja safari ya hospitali, ikaja na ya pili, na mara zote mbili Bi Nasaba alirudi mikono mitupu, akalala akiutazama ukuta. Baada ya hapo mama mkwe hakuuliza tena. Ila muda si mrefu Daktari alirudi kutoka ranchi moja ya mbali, milimani, na mwanakondoo amemfunga ndani ya koti. Mama yake mwanakondoo alikufa akizaa, na mwenye ranchi, kwa shukrani, akampa Daktari yatima. Mama mkwe akamnyonyesha kwa chupa, akamlaza jikoni kwenye boksi la sabuni, akamwita Mjukuu.

Jina hilo Bi Nasaba alilimeza, lakini lilikwama kooni. Yeye mwenyewe hakulitamka hata siku moja. Kumwita "kondoo" mbele ya mama mkwe ingekuwa kumvunjia mtu mzima heshima, na kumwita "Mjukuu" ingekuwa kujitia kidole kwenye kidonda. Basi hakumwita chochote. Alisema "sogea", alisema "toka hapo", alisema "nani kala kitambaa changu". Mnyama mwenyewe hakujali. Alikua, akanenepa, akawa na sufu kama godoro lililopasuka, na mchana alipenda kuweka kidevu juu ya miguu ya Bi Nasaba chini ya meza. Kati ya watu wote wa nyumba ile, alimchagua asiyemtaka. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayana adabu.

Nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya ua wa miti, aliishi Mama Maziwa, mjane aliyeuza maziwa mtaa mzima. Yeye na mama mkwe walikuwa chanda na pete. Kila asubuhi mama mkwe alipenya kwenye mwanya wa ua kwenda kuchukua maziwa, wakakaa kwenye viti vyao vifupi na kuusema ulimwengu mpaka jua lichome. Mama Maziwa alikuwa na ng'ombe mmoja mkubwa, mweupe kama shuka jipya, aliyeitwa Bibi Harusi, na mtamba wake aliyekuwa bado hajapandwa.

Bibi Harusi ndiye aliyeleta balaa. Alianza kwa homa, kisha pua zikachuruzika, kisha macho yakaingia ukungu mweupe akawa anagonga kichwa ukutani. Mama Maziwa alijaribu dawa zake za nyumbani kwanza, na Daktari alipoitwa mambo yalikuwa yameshaharibika. Akamdunga sindano ya kupambana na homa, akasema ukweli kwamba hana matumaini makubwa. Kesho yake asubuhi Bibi Harusi alikuwa amelala chini, miguu imenyooka.

Unajua watu. Hawakuona homa ya siku zile zote, waliona sindano. Kufika jioni mtaa mzima ulishajua kwamba Daktari kaua ng'ombe wa mjane. Lisemwalo lipo, wakasema, na lisipokuwepo wao hulitengeneza. Mama Maziwa, kwa uchungu, hakukanusha. Aliziba mwanya wa ua kwa matawi ya miiba. Simu ya Daktari, iliyokuwa ikilia hata anapooga, ikanyamaza. Akawa anakaa kibarazani na buti zake, kwa mara ya kwanza zimekauka, akizipiga rangi. Siku moja alimwambia mkewe kwamba ameona tangazo la kazi ya kukagua nyama katika mji mwingine, mbali, na huenda ikabidi aende. Alisema taratibu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Bi Nasaba alimpenda mumewe kwa upole ule na wakati huo huo alitamani kumtikisa.

Sasa, kabla ya Bibi Harusi kuzikwa, Daktari alikuwa amechukua sampuli, damu na vipande vya viungo, akazipeleka maabara kama inavyotakiwa. Bosi wa maabara, mama mmoja mrefu wa miwani asiyependa maneno mengi, alizipima mwenyewe ili isisemwe kwamba mke kamsafishia mume jina. Jibu lilikuwa wazi. Bibi Harusi aliuawa na kirusi cha kondoo. Kirusi hicho hukaa ndani ya kondoo maisha yake yote bila kumdhuru, kondoo anakula, analala, anapiga chafya kidogo akiwa mdogo, basi. Lakini kikirukia kwa ng'ombe, hata baada ya wiki nyingi, humuua kama ulivyoona. Ng'ombe kwa ng'ombe hakiambukizi, na binadamu hakimgusi. Lazima kondoo awe amehusika.

Daktari alipeleka habari hiyo kwa Mama Maziwa, akasimama nje ya miiba. Mama Maziwa akamjibu kwamba yeye hafugi kondoo, kondoo wa mtaa wote ni wazima wanaruka, na kama ni karatasi za maabara, mkeo si anafanya kazi huko huko? Akaingia ndani.

Hapo Bi Nasaba alikasirika kweli, na hasira yake ilikuwa ya watu wenye kazi, yaani iliinuka na kuchukua vifaa. Kama wanataka kujua ni kondoo gani, watajua ni kondoo gani. Bosi alimruhusu, kwa masharti kwamba majina ya wenye kondoo yafichwe mpaka mwisho. Bi Nasaba akazunguka mtaa na mitaa ya jirani na vijiti vyake vya pamba, akiingiza kijiti puani mwa kila kondoo aliyemwona. Alisingiziwa wizi, alipigwa pembe, alipewa maji ya kunywa. Kwa fundi baiskeli aliambiwa kondoo wamekwenda malishoni, akawafuata huko huko na viatu vya kazini. Hakuacha hata mmoja. Aliapa hivyo mbele ya bosi wake, na aliapa kwa moyo mweupe.

Alivisoma virusi vyote, akachora mti. Kondoo wa mtaa, waliouziana na kuzaliana humo humo miaka yote, walikaa pamoja kwenye tawi moja nene, makosa yao yanafanana kama pua za ndugu. Kirusi cha Bibi Harusi hakikukaa nao. Kilikaa peke yake upande wa pili, mgeni kabisa. Bi Nasaba akafungua sampuli za zamani, zile maabara ilizozihifadhi kutoka kila pembe, akaviingiza virusi vyake kwenye mti. Mgeni akapata ndugu. Walikuwa kondoo wa milimani, wa ranchi ile ya mbali ambako mumewe huitwa kila mwaka.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yake. Alivua miwani, akaifuta kwa koti ingawa haikuwa chafu.

"Dada," akasema, "mimi simtuhumu mtu. Ila nani anatoka kule na kuja huku?"

Bi Nasaba alijua jibu lilikuwa moja. Kirusi hiki ni dhaifu, nje ya mnyama hakidumu, hakiwezi kusafiri siku mbili kwenye buti. Alilijua hilo, na bosi alilijua. Lakini mtaa haujui, na ripoti ikishasema ranchi ya milimani, nani atasikiliza habari za udhaifu wa kirusi? Alitaka kumwokoa mume wake, na mti wake mwenyewe ulikuwa umemnyooshea mume kidole. Aliomba ruhusa aende nyumbani mapema.

Chakula cha mchana kilikuwa mezani. Daktari alikuwa anasoma lile tangazo la kazi kwa mara nyingine. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi na kumlaumu kila mtu asiyekuwepo. Bi Nasaba alivua viatu, akakaa, akashindwa kula. Alijaribu kufikiri nini kingine mumewe huleta kutoka milimani. Asali aliwahi kuleta. Jibini mara moja, ikaoza njiani. Chini ya meza kitu kizito na chenye joto kikatua juu ya miguu yake, kikashusha pumzi kwa kuridhika.

Akatulia. Akainamia chini ya meza polepole.

Macho mawili ya manjano yakamtazama kwa mapenzi. Alikuwa amezunguka mitaa na vijiti vyake, ameingia kwenye matope, amempima hata kondoo mmoja aliyekuwa anakaribia kuchinjwa, na kila asubuhi alimruka huyu mlangoni akienda kuwatafuta wenzake. Hakumficha. Hakumhesabu tu. Kitu ulichokataa kukipa jina, utakihesabuje? Alitaka kucheka na alitaka kulia, na akaona ni heri vyote viwili vingoje kwanza.

"Mama," akasema, "kwa Mama Maziwa ulipokuwa unakwenda asubuhi, ulikuwa unakwenda peke yako?"

Mama mkwe akasema angekwendaje peke yake, na Mjukuu angemwachia nani? Walikwenda wote. Wazee wakizungumza, Mjukuu alitia kichwa kwenye hori la Bibi Harusi wakala pumba pamoja, wameshazoeana, hata chafya alikuwa akimpigia usoni na ng'ombe wala hakasiriki. Alisema hayo kwa fahari ya bibi yeyote. Kisha kisu cha viazi kikasimama, maana hakuwa mjinga, alikuwa tu anapenda. Daktari naye alikuwa ameliweka tangazo chini na amemgeukia mkewe, na kwa uso wake ilionekana kwamba yeye, daktari wa mifugo wa nyumba hiyo, alikuwa amesahau vilevile. Mganga hajigangi.

Bi Nasaba alifungua mkoba wake, akatoa kijiti kimoja. Alieleza kwa maneno machache anachotaka kupima na kwa nini, na kwamba jibu likiwa ndiyo, mtaa wote utajua.

Mama mkwe alijipangusa mikono, akapiga magoti sakafuni yale magoti yake mabovu, akamkumbatia Mjukuu kichwa akakitulizia kifuani.

"Pima," akasema.

Jibu lilitoka katikati ya wiki. Kirusi cha Mjukuu na kirusi cha Bibi Harusi vilifanana herufi kwa herufi, vikakaa kwenye kitawi kimoja, na nyuma yao kondoo wa milimani kama wajomba. Bosi aliutazama mti, akamtazama Bi Nasaba, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja alicheka mpaka akakaa. Baadaye akamletea chai.

Bi Nasaba alirudi nyumbani akiwa amepanga namna ya kulisema. Aliwaza watamtafutia mnyama mahali, kimyakimya, kisha Daktari ataeleza bila kutaja ni wa nani. Hakupata nafasi. Mama mkwe alikuwa ameshavaa gauni lake la kwendea misibani, na Mjukuu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungwa, alikuwa na kamba shingoni. Kumbe hakuwa amengoja jibu. Alitaka tu mtu wa kumshika mkono, kwa kuwa mwanya umezibwa na itabidi wazunguke barabarani. Bi Nasaba alimwambia hana lazima ya kwenda. Mama mkwe akamwambia ng'ombe hashindwi na nunduye, seuze kondoo, na wakatoka.

Mama Maziwa alikuwa anafagia. Mtamba alikuwa amehamishiwa malishoni kwa dada yake, zizi lilikuwa tupu, na Bi Nasaba alimshukuru Mungu kwa hilo kabla hajashukuru jambo lingine lolote. Mama mkwe alisimama getini, hakuingia. Majirani wawili watatu walikuwa karibu, na kama nilivyosema, sauti yake ilikuwa ya bweni.

"Mwanangu hakukuulia ng'ombe," akasema. "Aliyemuua ni mjukuu wangu huyu. Nilimleta mwenyewe, kila asubuhi, kwa miguu yangu. Kama kuna wa kulaumiwa, nimekuja."

Ufagio ulisimama. Mama Maziwa alimtazama Mjukuu muda mrefu. Mjukuu, aliyeona hori lake la zamani kwa mbali, akalia na kuvuta kamba kama mtoto aliyeona pipi. Bi Nasaba akaanza kueleza habari za herufi na matawi, lakini Mama Maziwa alimwinulia mkono anyamaze. Si mti uliomshika. Alikuwa anakumbuka.

"Pumba nilimwekea mimi," akasema mwishowe. "Nilikuwa nambagulia za chini, laini, kwa mkono wangu. Wewe ulikuwa unaniambia nitamharibu kwa kumdekeza."

Akakaa kwenye kile kiti chake kifupi, akajifunika uso na kulia, na mama mkwe akaacha kamba kwa Bi Nasaba, akaingia, akakaa kwenye cha pili. Kisha Mama Maziwa akapangusa pua na kuuliza kama Daktari yuko nyumbani, maana mtamba naye alikaa zizi moja na mama yake na yeye Mama Maziwa amelala macho siku zote akimfikiria, aje amtazame, na aje na hayo mabuti yake. Alisema hivyo bila kupunguza sauti, majirani wakiwepo. Katika mtaa ule hiyo ilikuwa hukumu, na kesi iliishia hapo.

Ilikubaliwa kwamba mwanya wa ua usifunguliwe tena, Mjukuu asikanyage upande ule, na maziwa, yakipatikana, Mama Maziwa atayaleta mwenyewe getini na kiti chake kifupi mkononi. Bi Nasaba na mama mkwe wakarudi kwa barabara, mmoja na kamba, mwingine na mkono kiunoni. Magoti yalikuwa yanauma. Walipofika kwenye kona, mama mkwe akasimama kupumzika.

"Nilijua hulipendi hilo jina," akasema, bila kumwangalia. "Mimi nilikuwa mdomo haukai. Nikiamka nakuuliza, nikilala nakuuliza. Siku ile ya pili uliporudi hospitali nikauona uso wako, nikasema hapana. Nikatafuta wa kumwita mjukuu, ili wewe nisikuulize tena."

Bi Nasaba, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kitu kimetoka wapi, alisimama barabarani akiwa hajui aangalie wapi. Miaka yote hiyo alidhani jina lile ni lawama aliyofungwa shingoni. Alitaka kusema samahani, alitaka kusema asante. Akamshika mama mkwe mkono akaubana, na mama mkwe akaubana wake.

Mjukuu alikuwa amekuta majani kando ya barabara na hakutaka kuondoka. Mama mkwe akaipokea kamba akavuta, haikuwezekana. Bi Nasaba akainama, akaweka mkono juu ya kile kichwa kigumu chenye sufu.

"Mjukuu," akasema, "twende. Bibi amechoka."

Akainua kichwa, akawafuata.